Hongo na ufisadi Nairobi: maswali tunayoulizwa kila wiki

Majibu haya yameandikwa na wasaidizi wa kisheria wa mtaa kwa wakazi wa Eastlands wanaotujia na malalamiko ya hongo: akina mama mboga, watu wa bodaboda, wazazi, wapangaji, vijana wanaotafuta kazi. Mengi yanamfaa hata anayeishi Kangemi au Lang'ata. Kama una haraka, soma swali linalokuhusu na uache mengine. Lile la barabara lisome hata kama barabara yenu ni nzuri, na kama kweli ni nzuri, tuambie mnaishi wapi.

Wakubwa wanaiba mabilioni. Mbona mnatusumbua sisi na mia mbili?

Anayeuliza hivi huwa na hasira, na hasira hiyo ina haki yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg ililipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza ng'ambo, ilhali Kenya haina almasi za kuuza na dhahabu yake ni kidogo. Baadaye tukasikia kashfa ya Anglo Leasing, ile ya kandarasi za serikali kwa kampuni hewa, kisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, kisha KEMSA, shirika la serikali la dawa, wakati wa korona. Katika orodha ya Transparency International ya mwaka 2024 Kenya ilipata alama 32 kwa 100. Alama hizo hazikuletwa na makanga wa matatu.

Lakini tazama jinsi wizi huo mkubwa ulivyofanyika. Goldenberg ilihitaji fomu, na fomu zilihitaji muhuri, na muhuri ulikuwa mezani kwa mtu. Mtu mmoja ana mamlaka ya kusema ndiyo au hapana, hakuna anayemwona akiamua, na hakuna karatasi itakayomuuliza kesho. Hali hiyo ndiyo ile ile ya dirishani unapoambiwa "ongea vizuri". Tofauti ni tarakimu. Ndiyo maana karibu kila jibu hapa chini litakurudisha kwenye maandishi: risiti, nambari, barua, muhuri wa kupokelewa. Hotuba za kulaani ufisadi tumezisikia tangu uhuru, na hatujaona faili iliyopatikana kwa sababu ya hotuba.

Mwenye hatia ni nani, anayetoa au anayepokea?

Wote wawili. Sheria ya Hongo ya 2016 inamgusa anayetoa, anayeahidi, anayeomba na anayekubali, hata kama pesa hazijafika mkononi. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Kampuni binafsi nazo zimo, na zinatakiwa kuwa na utaratibu wa kuzuia hongo. Mwenye cheo akijua au akishuku kwamba kuna hongo kazini kwake anapaswa kuripoti ndani ya saa 24, jambo ambalo wakuu wengi wa idara husoma na kulisahau.

Je, uliyelazimishwa? Usikae na siri hiyo. Anayekwenda kuripoti mapema anasimama kama mlalamishi. Anayenyamaza mpaka akutwe ana kazi ngumu ya kueleza.

Karani ananiambia faili haionekani. Najua anachotaka. Nifanye nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Kinachouzwa hapo ni wakati wako. Faili haijapotea. Inangoja. Karani anajua umetoka Kayole kwa nauli, umefunga kibanda na hutaki kurudi kesho. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia, nao walikuwa watu wazima, lakini kwa hili tunakataa ushauri wao, maana ukipenyeza mara moja faili yako itapotea tena hatua inayofuata. Sasa wanajua unalipa.

Anza na ukuta. Kila ofisi ya umma inatakiwa kubandika mkataba wa huduma: huduma ipi, stakabadhi zipi, ada ngapi, siku ngapi. Mara nyingine umefichwa nyuma ya mlango au kabati. Upige picha. Kisha rudi kwa karani, kwa sauti ya kawaida, umuulize mambo mawili: jina lake na nambari ya faili au ya ombi lako. Usigombane wala usimwite mwizi. Ukigombana, wewe ndiwe utakayetolewa nje na mlinzi, na yeye atakunywa chai yake kwa amani.

Wakiendelea kukuzungusha, andika barua ya mistari mitano kwa mkuu wa ofisi hiyo: nilileta ombi tarehe fulani, nambari yake ni hii, mkataba wenu unasema siku kadhaa, leo zimepita, naomba jibu kwa maandishi. Peleka nakala mbili masijala. Moja wabaki nayo, nyingine wakupigie muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio kitu unachotafuta. Kuanzia hapo kuna mtu ambaye ataulizwa kwa nini hakujibu, na faili nyingi huonekana siku hiyo hiyo, chini ya rundo lile lile.

Ikishindikana, chukua nakala yako yenye muhuri uende kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama CAJ, katika jumba la West End Towers, Waiyaki Way. Kazi yao hasa ni malalamiko ya kucheleweshwa, kunyanyaswa na kuzungushwa na ofisi za umma. Huhitaji wakili.

Na wale mabroka walio nje ya Nyayo House (pasipoti) na Ardhi House (hati za ardhi)?

Wengi wao hawana mtu ndani. Wanachofanya ni kukujazia fomu ambayo ungejaza kwenye simu yako au kwenye saiba ya mtaani kwa bei ya soda. Akikuambia ana mjomba ghorofa ya pili, mwambie mjomba akupigie.

Nitajuaje malipo ni rasmi?

Huduma za serikali ya kitaifa sasa hulipiwa kupitia eCitizen, kwa nambari ya malipo 222222. Ukiambiwa utume kwa simu ya mtu, au kwa till ya duka la mjini, hapo hakuna ada ya serikali. Ada hubadilika, kwa hiyo usitegemee alicholipa jirani yako mwaka juzi. Angalia kwenye eCitizen kabla ya kutoka nyumbani. Kama mtandao unakuchanganya, nenda Huduma Centre, iwe GPO, Makadara, Eastleigh au Kibra. Ile ya GPO ilikuwa ya kwanza nchini, ilifunguliwa Novemba 2013, na ingawa foleni zake ni ndefu, foleni inayoonekana ni afadhali kuliko ile ya gizani.

Kituo cha polisi kina mambo yake ambayo kila mkazi anapaswa kuyajua kwa kichwa. Kuandikisha malalamiko kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, ni bure. Fomu ya P3, ile ya daktari kuandika majeraha yako, ni bure. Kuachiliwa kwa bondi ya polisi ni bure. Ukitakiwa kuweka dhamana ya pesa taslimu, hizo ni zako bado: utapewa risiti, na kesi ikiisha au isipofunguliwa utarudishiwa. "Dhamana" isiyo na risiti ni hongo iliyovaa suti. Aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya kazi ikiwa saa hizo zimeishia wikendi. Ijumaa jioni kwa hiyo ndiyo saa ya biashara katika vituo vingi, maana familia hulipa chochote ili mtu wao asilale humo hadi Jumatatu. Jamaa yako akikamatwa Ijumaa, uliza bondi kabla ya kuulizwa pesa.

Askari wa trafiki amenisimamisha na anazungukazunguka gari. Je?

Muulize kosa. Akilitaja, mwambie akuandikie. Faini hulipwa kortini au kwa njia rasmi yenye risiti, haiwekwi ndani ya leseni. Andika nambari yake ya kazi, mahali na saa, na namba ya gari lao kama lipo. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, yaani IPOA, simu 1559, haitozwi. Kuna pia kitengo cha ndani cha polisi chenyewe.

Tuseme kweli: dereva wa matatu ya Umoja anayepita hapo mara kumi kwa siku hawezi kubishana mara kumi. Makanga anajua noti ya hamsini inavyokunjwa, abiria wote wanaona, na safari inaendelea. Hatumlaumu mmoja mmoja. Hapo wanaoweza kitu ni sacco, kwa sababu sacco ina magari mengi, ina mwenyekiti na ina karatasi yenye nembo. Sacco ikiweka daftari la nani aliombwa nini, wapi na saa ngapi, kwa mwezi mmoja tu, ina malalamiko ambayo mpelelezi anaweza kuyafanyia kazi. Pia ihakikishe magari yake yana bima na ukaguzi, kwa sababu gari bovu ndilo linalonunua amani.

Kanjo wamebeba mzigo wangu. Wanasema nikitoa elfu moja unarudi.

Askari wa kaunti wana mamlaka ya kutekeleza sheria ndogo za jiji, lakini hawana mamlaka ya kuuza nyanya zako. Wakichukua, dai orodha ya vitu na mahali vinapopelekwa. Kama mnauzia mahali pamoja, kuwa na mtu mmoja wa kupiga picha, akiwa mbali kidogo, ili simu yake isiende na nyanya. Lipa ada zako kwa njia ya kaunti na utunze ujumbe wa malipo, kwa kuwa kisingizio cha kwanza huwa hujalipa.

Kuna sehemu ya tatizo hili ambayo risiti haiwezi kuitatua. Mama anayeuza mahali ambapo hapajaruhusiwa atakuwa mawindo kila siku, hata awe mwaminifu namna gani. Kinachomlinda ni soko au muda wa kuuza uliowekwa rasmi, na hilo hudaiwa kwa mwakilishi wadi na kwenye vikao vya bajeti.

Nataka kuripoti kwa EACC. Inakuwaje?

EACC ni Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Makao yao ni Integrity Centre, pale Valley Road inapokutana na Jakaya Kikwete Road. Simu ya bure ni 1551. Wana meza katika baadhi ya Huduma Centre, na kwenye tovuti yao kuna njia ya kuripoti bila kutaja jina, ambapo unafungua sanduku lako la ujumbe na mpelelezi anaweza kukuuliza maswali bila kukujua.

Kama afisa ameshakuomba pesa na bado hujatoa, hiyo ndiyo saa nzuri ya kuwapigia. Usimkatalie afisa kwa kishindo wala usimtishe kuwa utamripoti. Mwambie unatafuta pesa. EACC wakiridhika na malalamiko watakupa kifaa cha kurekodi mazungumzo, na wakiamua kuweka mtego watatumia noti zilizopakwa unga maalumu unaobaki mikononi mwa anayezishika. Kesi nyingi ndogo wanazoshinda hujengwa hivyo. Ukienda baada ya kulipa, bila ujumbe wa simu wala shahidi, wanabaki na neno lako dhidi ya lake.

Jua pia wasichoweza. EACC huchunguza, lakini kufungua mashtaka ni uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, yaani DPP. Tume iliyowatangulia miaka ya 1990 ilivunjwa na mahakama Desemba 2000, na mojawapo ya sababu ilikuwa hoja hiyo ya nani ana mamlaka ya kushtaki. Kwa hiyo ukisikia "faili iko kwa DPP", ina maana kwamba kazi ya EACC ya sasa imefika mwisho wake.

Nikifichua siri za kazini, nitalindwa?

Kwa kiasi. Sheria ya Hongo inafanya kumtisha au kumwadhibu aliyeripoti kuwa kosa, na kuna Wakala wa Kulinda Mashahidi chini ya sheria ya 2006. Sheria kamili ya kuwalinda wafichuzi imekuwa mswada kwa miaka mingi.

Tusikudanganye. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu aliyeona malipo ya Goldenberg yakipita mezani kwake, akatoa stakabadhi zilizowafikia wabunge wa upinzani mwaka 1993. Alikamatwa, akafutwa kazi, na hata baada ya nchi kumsifu hakurudishiwa maisha yake. Alifariki 2006 akiwa maskini. John Githongo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa maadili na utawala bora, alijiuzulu Februari 2005 akiwa London kwa sababu ya Anglo Leasing. Huyo alikuwa na ofisi Ikulu.

Kwa hiyo panga kabla ya kusema. Usitumie kompyuta, simu wala barua pepe ya ofisi. Usihifadhi nakala nyumbani peke yake. Toa stakabadhi zinazothibitisha jambo moja, kuliko gunia la karatasi litakaloonyesha ni dawati gani zilitoka. Ongea kwanza na wakili au na kituo cha ushauri cha Transparency International Kenya, ambacho hakitozi. Na usimwambie mtu kazini, hata yule anayelalamika zaidi yako. Hasa huyo.

Bango linasema barabara yetu imekamilika. Sisi tunaona mashimo. Tuanzie wapi?

Kwanza jueni ni ya nani. Barabara kuu kama Thika Road iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, nyingi za mjini zilizo kubwa ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na zile za ndani ya mtaa kwa kawaida ni za Kaunti. Mkipeleka barua ofisi isiyohusika, mtapoteza mwezi mzima.

Pili, andikeni. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza jinsi. Barua yaweza kuwa ya Kiswahili. Sheria yenyewe inasema Kiingereza au Kiswahili. Asiyeweza kuandika anaweza kueleza kwa mdomo na afisa aandike. Hudaiwi kueleza sababu, na ombi lenyewe halina ada, isipokuwa gharama halisi ya kutoa nakala. Jina liwe la mtu, na nambari ya kitambulisho, kwa kuwa haki ni ya raia. Mfano wetu ni huu:

*Mimi ni mkazi wa wadi ya ……, Kaunti ya Nairobi. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za: mkataba wa kutengeneza barabara ya ……, orodha ya kazi na vipimo vyake, jina la mwanakandarasi, kiasi kilicholipwa hadi leo na tarehe za malipo, na cheti cha kukamilika kwa kazi, pamoja na jina la mhandisi aliyetia sahihi. Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21.*

Siku 21 ni za kisheria. Wanaweza kuongeza mara moja, siku zisizozidi 14, wakieleza kwa nini. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Wakikataa au wakinyamaza, una siku 30 za kuomba CAJ ipitie uamuzi huo, na CAJ inaweza kuwaamuru watoe.

Katika orodha hiyo, kilicho muhimu kuliko vyote ni cheti cha kukamilika na orodha ya vipimo. Bei peke yake haiwaambii kitu. Barabara ghali yaweza kuwa halali. Lakini kama orodha inasema mtaro wa sementi wa mita 400 na nyinyi mmepima kwa kamba mkapata 150, mna jambo lisilohitaji mtaalamu, na kuna mhandisi mwenye jina aliyesema ameuona mtaro wote. Pimeni mkiwa wengi, pigeni picha zenye tarehe, mweke kitu cha kulinganisha ukubwa.

Jina la mwanakandarasi likipatikana, ombeni CR12 ya kampuni hiyo kwenye eCitizen. Inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Mara nyingi hamtatambua mtu. Mara nyingine mtatambua shemeji.

Tatu, someni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Katiba inamtaka akague ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha Juni 30, na ripoti hizo huwekwa kwenye tovuti ya ofisi yake. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ina yake, Bunge la Kaunti lina yake. Lugha ni kavu, lakini rukeni kurasa za mwanzo mwende palipoandikwa sababu za maoni yake. Tafuteni pale anaposema hakuonyeshwa stakabadhi, alikagua mradi akakuta haupo au umesimama, au malipo hayalingani na kazi. Tafuteni pia madeni ambayo hayajalipwa, kwa maana ya Nairobi ni makumi ya mabilioni, na humo ndani madai ya kweli ya wafanyabiashara wadogo yamelala kitanda kimoja na ankara za hewa.

Nne, bajeti. Makadirio ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30 na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kati ya hapo kuna vikao vya kuwasikiliza wananchi. Nairobi ina wadi 85, na katika nyingi ukumbi hujaa watu walioletwa kwa nauli, wakapewa soda na kupiga makofi. Nendeni na karatasi. Soma maoni yenu kwa sauti, kisha mpe karani nakala na akupigie muhuri kwenye yako. Maoni yaliyopokelewa kwa maandishi ni vigumu kuyasahau kuliko makofi.

Nilikosa tenda na najua ilikuwa imeshapangiwa mtu.

Kujua hakutoshi, na muda ni mfupi mno. Bodi ya Kupitia Ununuzi wa Umma hupokea malalamiko ndani ya siku 14 tangu ujulishwe, na hutakiwa kuamua ndani ya siku 21. Dai uelezwe kwa maandishi kwa nini ulishindwa. Kagua kama sifa zilizotakiwa zilishonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, au kazi moja ilikatwa vipande vidogo ili kukwepa ushindani.

Kwa nini wakubwa wanashtakiwa na hawafungwi?

Sababu ni kadhaa na si zote ni njama. Kesi ya ununuzi ina maelfu ya karatasi na mashahidi ambao ni wafanyakazi wa mshtakiwa. Mawakili huomba kuahirishwa, hakimu huhamishwa, shahidi hustaafu. Upelelezi mwingine hufanywa kwa haraka ili picha ya mtu akikamatwa itoke kwenye habari za saa moja, halafu ushahidi unafuata kwa miguu. Na kuna siasa: baada ya uchaguzi wa 2022 mashtaka kadhaa dhidi ya watu mashuhuri yaliondolewa, na wananchi wakajumlisha wenyewe.

Sheria nayo imeacha mlango. Katiba, kifungu cha 99, inasema mtu hazuiliwi kugombea ubunge mpaka njia zote za rufaa ziishe. Ndiyo maana jina la anayekabiliwa na kesi hufika kwenye karatasi ya kura. Mtumishi wa umma anayeshtakiwa kwa ufisadi husimamishwa kwa nusu mshahara, ila magavana walikuwa wakibaki ofisini hadi Julai 2019, Jaji Mumbi Ngugi alipoamua kwamba gavana wa Samburu wa wakati huo, aliyeshtakiwa, asiingie ofisini kesi ikiendelea. Kwa maoni yetu uamuzi huo umefanya kazi kubwa kuliko kampeni nyingi zenye fulana, kwa sababu anayeshtakiwa hakai tena juu ya karatasi za kesi yake.

Pesa zilizoibwa hurudi?

Nyingine, na kwa njia za ajabu. Hoteli ya Grand Regency hapa mjini, iliyohusishwa na pesa za Goldenberg, ilisalimishwa kwa Benki Kuu mwaka 2008. Kisha jinsi ilivyouzwa kwa wawekezaji wa Libya ikazua kashfa nyingine na waziri wa fedha akalazimika kung'atuka kwa muda. Katika sakata ya Chickengate, kampuni ya Uingereza iliyohonga maafisa wetu wa uchaguzi ilipatikana na hatia London, na sehemu ya pesa ilirudi Kenya 2017 ikanunua ambulensi saba.

Njia tunayoiamini zaidi ni ile ya mali isiyoelezeka. Si lazima uthibitishe mtumishi aliiba shilingi ipi. Ukionyesha ana mali isiyolingana na mapato yake, ni juu yake kueleza. Mahakama ya Rufaa iliunga mkono njia hiyo mwaka 2019, katika kesi ya aliyekuwa meneja wa fedha wa shirika la umma la maji, na zaidi ya shilingi milioni 40 zikaenda kwa serikali.

Kuna mtu ameanza kujenga ukuta kwenye uwanja wa shule.

Harakisheni, maana ukuta huwa jengo na jengo huwa "mwekezaji". Uliza mwalimu mkuu kama shule ina hati miliki. Shule nyingi za umma Nairobi hazijawahi kuipata, na huo ndio mwanya. Fanyeni utafutaji wa kiwanja kwenye Ardhisasa, mfumo ulioanza jijini Aprili 2021, kisha mpeleke malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi na kwa EACC, ambayo hufuatilia ardhi ya umma iliyonyakuliwa. Ombi la kusimamisha ujenzi kortini linahitaji wakili.

Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoza machozi wakipinga ukuta uliozingira uwanja wao. Picha hizo zilizunguka dunia na uwanja ukarudi. Msitumie watoto, hata hivyo. Wazazi wana miguu.

Broka anataka laki tatu ili kijana wangu aingie jeshini au polisi.

Usitoe. Kuajiriwa huko ni bure na vikosi husema hivyo kila mwaka. Vijana wamefika lango la mafunzo na barua bandia wakakamatwa wao, ng'ombe na shamba vikiwa vimeshauzwa. Na huwezi kwenda kituoni kudai pesa ulizotoa kama hongo bila kueleza zilikuwa za nini.

Nikimpelekea afisa kuku baada ya kunisaidia, ni hongo?

Asante ya kweli inatosha, au barua kwa bosi wake kumsifu, ambayo itamsaidia kupandishwa cheo. Kuku anayefuata huduma humfundisha kungoja kuku kwa mteja mwingine. Kwa maafisa wa serikali, zawadi ya hafla ya umma au rasmi ni mali ya Jamhuri kwa mujibu wa kifungu cha 76 cha Katiba, na sheria ya mgongano wa maslahi ya 2025 imekaza zaidi.

Mgombea akigawa pesa, si tule tu halafu tupige kura tunavyotaka?

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamgusa mtoaji na mpokeaji vile vile. Ukiacha sheria, piga hesabu ya kibiashara: anayetumia mamilioni kuomba kazi atataka kuyarudisha, na yatarudi kupitia mtaro wa mita 150 uliolipiwa mita 400. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Ukiona ugawaji, andika mahali, saa, nani aligawa na kwa gari gani, na uwapelekee tume ya uchaguzi, IEBC, au polisi wakupe nambari ya OB siku hiyo hiyo. Usijiingize kwenye foleni ili kupata ushahidi. Utakuwa kwenye video ya mtu mwingine.